Ng'ombe Mshtakiwa, Ng'ombe Mwokozi

Tangu mwaka 1947 hadi leo, ng'ombe wa nyanda kavu kama hizi zetu za Arusha amezungumzwa mbele ya dunia mara tatu kwa namna iliyobadili maisha ya watu, au inayoelekea kuyabadili. Mara ya kwanza ilikuwa katika taarifa ya tume ya serikali ya kikoloni. Mara ya pili ilikuwa katika sinema na kitabu vilivyotoka Ujerumani. Mara ya tatu ilikuwa katika hotuba iliyotolewa Marekani mwaka 2013, ambayo imetazamwa na mamilioni ya watu. Katika taarifa ile ilionekana kwamba ng'ombe angefugwa vema zaidi kama ardhi ingeshikwa na walowezi. Katika sinema ile ng'ombe alikuwa adui wa wanyamapori. Katika hotuba ile ng'ombe huyo huyo, bila ya kubadilika hata ukwato, amekuwa mwokozi wa udongo, wa nyasi na wa hali ya hewa ya ulimwengu mzima.

Kwa kawaida kazi hizi tatu husomwa na watu tofauti. Taarifa husomwa na wanahistoria, sinema hutazamwa na watalii na wapenda hifadhi, na hotuba husikilizwa na wataalamu wa mazingira na wenye fedha za kuwekeza. Mimi nakaa Arusha, upande wa Tengeru, ambako asubuhi mawingu yakiondoka naona Mlima Meru juu na nyika ya Wamasai kwa mbali chini. Nikisimama hapo nashindwa kuzisoma kazi hizi mbalimbali. Nimezipanga pamoja, na katika kurasa hizi napenda kuzipima moja baada ya nyingine. Msomaji asinielewe vibaya: simo katika kundi la wanaoamini kwamba kila kilichoandikwa na mgeni ni uongo. Kila moja kati ya kazi hizi ina jambo la kweli ndani yake, na nitalitaja. Lakini zote tatu zina kasoro moja, na kasoro hiyo inarudi tena leo ikiwa imevaa nguo mpya.

Tuanze na taarifa. Jaji Mark Wilson aliongoza tume ya ardhi ya Arusha na Moshi, na mapendekezo yake yalitolewa mwaka 1947. Tatizo alilokabidhiwa lilikuwa la kweli. Tangu wakati wa Wajerumani, mashamba ya walowezi yalikuwa yameuzunguka mlima na kuwabana Wameru na Waarusha huko juu, huku watu na mifugo wakizidi kuongezeka. Tena ni kweli kwamba upande wa kaskazini na mashariki ya Meru, ambako mlima huzuia mvua, ni nchi kavu inayofaa mifugo kuliko kahawa. Hadi hapo sina ugomvi na taarifa. Ugomvi unaanza kwenye dawa iliyopendekezwa: wenyeji wa Engare Nanyuki wahamishwe, ili nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro iwe pande moja la walowezi, kwa ufugaji wa kisasa wa ng'ombe wa nyama na wa maziwa.

Tarehe 17 Novemba 1951 operesheni ilianza. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa moto, na mifugo ikaswagwa kuelekea King'ori, chini kwenye joto na magonjwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Miaka kumi na mitano baadaye wawili hao walichapisha kitabu chao, The Meru Land Case, mjini Nairobi. Kitabu hicho husomwa kama sura ya kwanza ya siasa za uhuru wetu, na ni haki yake. Lakini mimi hukisoma pia kama habari ya malisho. Kwa mkulima wa Meru, mlima na nyika vilikuwa shamba moja lenye ghorofa mbili: juu migomba na kahawa, chini nyasi. Tume ilitazama ghorofa ya chini ikaiona tupu, kwa sababu katika baadhi ya miezi ng'ombe hawakuwepo. Wafugaji wote wa nyanda kavu wanajua kwamba malisho yaliyo matupu leo ndiyo akiba ya kesho, kama ghala lililofungwa. Kuliita ghala "tupu" kwa kuwa hujamwona mtu akila ndani yake ni kosa la hesabu kabla hata halijawa kosa la haki.

Sasa tuje kwenye sinema. Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuja Serengeti na ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia. Mwaka 1958 walihesabu wanyama kutoka angani wakapata zaidi ya 366,000. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alifariki ndege ilipogongana na tai, na kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro, mahali ambapo baba yake naye alizikwa mwaka 1987. Sinema yao, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Serengeti Haitakufa, ilitoka mwaka huo wa 1959 na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Kitabu chenye jina hilo hilo kilitafsiriwa kwa lugha nyingi.

Nimeitazama sinema hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara naiheshimu zaidi kwa jambo moja na kuilaumu zaidi kwa jambo jingine. Jambo la kuheshimu ni hili: baba na mwana wale walipanda angani ili kujua wanyama wanakwenda wapi, na wakaona kwamba nyumbu hafuati mpaka uliochorwa na serikali. Nyumbu hufuata mvua. Anaondoka hapa nyasi zinapokauka, anakwenda kule zinapochipua, na ukimfungia ndani ya mpaka mdogo atakufa hata kama hakuna anayemwinda. Hilo lilikuwa somo kubwa, na Tanzania imefaidika nalo mpaka leo.

Jambo la kulaumu liko pale pale. Mtu aliyeona kwa macho yake kwamba nyumbu hana mpaka alishindwa kuona kwamba Mmasai na ng'ombe wake wanafuata mvua ile ile, kwa sababu ile ile, katika nchi ile ile. Nyumbu akihama, kwake ilikuwa maajabu ya uumbaji. Ng'ombe akihama, ilikuwa uvamizi. Ndani ya sinema, kamera inayokaa kwa subira juu ya swala na simba haina subira hiyo kwa boma. Na yaliyotukia nje ya sinema yanajulikana: mwaka 1959 Serengeti na Ngorongoro zilitenganishwa, Wamasai wakatoka Serengeti na kupewa kukaa Ngorongoro pamoja na wanyama. Grzimek mwenyewe hakuupenda mgawanyo huo, kwa kuwa aliona hifadhi imepunguzwa. Mjadala uliozaliwa siku zile haujafa. Mwaka 2022 familia zilianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, kutoka Ngorongoro, na mwaka huo huo kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zikawekewa mipaka ya pori la akiba. Hoja ya ng'ombe kuwa adui ilisikika tena, karibu kwa maneno yale yale.

Je, sinema ilisema kweli kuhusu ng'ombe? Miaka iliyofuata ilitoa jibu ambalo sidhani kama mtu yeyote alilitarajia. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama robo milioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja na robo. Ni nini kilichowaongeza? Kwanza kabisa ni kuondoka kwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia nchi hizi mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaua ng'ombe wa Wamasai karibu wote na kuleta njaa ambayo wazee waliisimulia vizazi na vizazi. Baadaye uliendelea kukaa kwa nyumbu na nyati, ukiua ndama wao kila mwaka. Haukuondolewa kwa kuwafukuza ng'ombe. Uliondolewa kwa kuwachanja ng'ombe. Walter Plowright na wenzake waliitengeneza chanjo hiyo Muguga, karibu na Nairobi, na wafugaji waliokuwa wakizunguka Serengeti ndio walioileta mifugo yao kwenye sindano. Kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani. Kwa hiyo nyumbu anayepigwa picha leo na watalii aliokolewa, kwa sehemu kubwa, katika josho na zizi la mfugaji. Sinema iliyotuonya kwamba Serengeti inakufa haikujua kwamba dawa yake ilikuwa inapita kwa yule iliyemwona ndiye ugonjwa.

Hadithi haikuishia hapo. Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi nyingi, nyasi zilipopungua moto wa kiangazi ukapungua, na moto ulipopungua miti ikarudi. Watafiti walioandika mwaka 2009 walieleza kwamba kwa njia hiyo Serengeti iligeuka kutoka nchi inayotoa hewa ya ukaa na kuwa nchi inayoihifadhi kwenye miti na udongo. Ni ushahidi kwamba mnyama mla nyasi, akiwa na nafasi ya kuhama, anaweza kuwa rafiki wa nchi.

Na ng'ombe je? Kenya, upande wa Narok, wataalamu walichimba mahali palipokuwa maboma ya wafugaji wa kale, kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 walionyesha kwamba samadi ya mazizi yale bado inarutubisha udongo hadi leo, na mahali hapo pameota nyasi tamu ambazo wanyamapori huzifuata. Huko Laikipia, kwenye kituo cha Mpala, tangu mwaka 1995 kuna majaribio ya kuwatenga na kuwachanganya ng'ombe na wanyamapori. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba wakati wa kiangazi ng'ombe waliokula pamoja na pundamilia na wenzake walinenepa kidogo kuliko waliokula peke yao, lakini wakati wa mvua walinenepa zaidi, kwa sababu pundamilia huondoa mashina makavu na kuacha majani laini. Maana yake ni kwamba ng'ombe na wanyamapori ni washindani kwa miezi fulani na wasaidizi kwa miezi mingine. Anayeuliza kama ng'ombe ni mzuri au mbaya bila kutaja mwezi ameuliza swali lisilo na jibu.

Haya yananifikisha kwenye hotuba ya tatu. Allan Savory alizaliwa Rhodesia ya zamani, ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 2013 alisimama mbele ya wasikilizaji huko California akazungumza kwa dakika ishirini na kitu. Alisimulia jinsi alipokuwa kijana mtaalamu wa wanyama alivyoamini kwamba tembo wanaiharibu nchi, na kwa ushauri wake wakauawa tembo wapatao 40,000, lakini nchi ikazidi kuharibika. Ni masimulizi mazito, na ujasiri wa kuyasema hadharani haukosekani. Kisha akaeleza imani yake mpya: nyasi za nyanda kavu zilikua pamoja na makundi makubwa ya wanyama yaliyobanana kwa kuogopa simba, yakikanyaga, yakinya na kusonga mbele. Nyasi zisipoliwa hukauka zikiwa zimesimama na kuziba machipukizi. Kwa hiyo, alisema, wakusanye ng'ombe pamoja, wahamishe kwa mpango, na jangwa litarudi kuwa kijani. Mwishoni alifika mbali zaidi: nusu tu ya nyanda za malisho za dunia zikitunzwa hivyo, hewa ya ukaa iliyoko angani ingeweza kurudi katika kiwango cha kabla ya viwanda.

Kama mkosoaji nakiri kwamba hotuba hiyo imepangwa vizuri kuliko sinema ya Grzimek na taarifa ya Wilson. Inamshika msikilizaji. Sehemu yake ya kwanza ina ukweli ambao mfugaji yeyote wa Monduli angeukubali: nyasi zinahitaji kuliwa kisha zinahitaji kupumzishwa. Tatizo ni urefu wa hatua aliyoruka kutoka hapo. Wataalamu wa malisho waliopitia majaribio ya nchi nyingi, mwaka 2008 na tena mwaka 2013, hawakupata ushahidi kwamba kuwazungusha ng'ombe kwa ratiba peke yake kunaongeza nyasi kuliko njia nyingine zilizosimamiwa vizuri. Mvua na idadi ya mifugo ndivyo vinavyoamua zaidi. Kuhusu hewa, ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya methani. Shirika la FAO lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo yote ya dunia inachangia asilimia 14.5 ya gesi za joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford waliripoti kwamba malisho mazuri yanaweza kufidia sehemu tu ya gesi zinazotolewa na mifugo hiyo hiyo, tena kwa muda, kwa maana udongo nao hufika mahali ukashiba. Kusema kwamba ng'ombe peke yake atairudisha hewa ya ulimwengu mahali ilipokuwa ni kumtwika mnyama mzigo ambao viwanda, magari na mitambo ya makaa ya mawe ndivyo vinavyopaswa kuubeba. Mfugaji wa Longido mwenye ng'ombe kumi na wawili hakulichafua anga, na si haki kumwambia kwamba yeye ndiye atakayelisafisha.

Hata hivyo lawama yangu kubwa kwa hotuba hiyo ni ile ile niliyo nayo kwa wenzake wawili. Ndani yake kuna ng'ombe, kuna nyasi, kuna mpango na kuna mwenye mpango. Mchungaji ni mtu wa kutekeleza. Elimu inaonekana imezaliwa kichwani mwa mtaalamu baada ya majuto yake.

Siku moja, kwenye mnada wa Meserani, nilimweleza mzee mmoja wa Kimasai hotuba hiyo kwa kirefu. Tulikuwa tumekaa chini ya mgunga tukisubiri nyama. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, huyo mzee Mzungu amejua vizuri. Sasa muulize, mwaka ambao mvua haikunyesha anahamia kwa nani?" Nilimjibu kwamba hilo halikusemwa. Akatikisa kichwa, akaanza kunieleza habari za alalili, yaani malisho yaliyotengwa: karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa, mbali zaidi kwa ajili ya kiangazi. Wazee ndio wanaofunga na kufungua, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini. Lakini alisisitiza kwamba hayo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwa na ndugu, wakwe na marika katika nchi za mbali, ili mwaka mbaya ukija uweze kupeleka ng'ombe kwao na kuweka ronjo, na mwaka wao ukiwa mbaya waje kwako. Ratiba ya malisho, kwa maneno yake, inaandikwa na mvua, na mvua haijulikani mapema.

Hilo ndilo jambo linalokosekana katika kazi zote tatu. Faida ya ng'ombe kwa udongo, kwa wanyamapori na kwa hewa haitoki kwa ng'ombe peke yake. Inatoka katika uwezo wa kuhama na katika mamlaka ya kukubaliana nani ahame lini. Vitu hivyo viwili vikiondolewa, ng'ombe yule yule anakuwa mharibifu. Sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Anayesafiri kutoka Kisongo kwenda Makuyuni ataona makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji, mengine yenye kina cha kumeza basi. Yamesababishwa na mengi kwa pamoja: vijiji vya kudumu vilivyoanzishwa katika Operesheni Imparnati ya miaka ya 1970, mashamba yaliyokata njia za mifugo, njia za ng'ombe zinazokanyagwa kila siku kuelekea bwawa moja, na watu na mifugo walioongezeka katika eneo lililopungua. Wafugaji nao hawakosi sehemu yao ya lawama. Wapo matajiri wanaoishi mjini, wenye ng'ombe mamia walioachiwa vijana wa mshahara, na kwa watu hao faini ya alalili ni pesa ya soda. Anayewasifu wafugaji wote bila kuwataja hawa anaandika ngonjera, haandiki uhakiki.

Tena ipo mifano ya kinyume, na haipewi nafasi inayostahili. Wanyama wa Tarangire hukaa mtoni wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha nyumbu na pundamilia huenda mashariki, kwenye nyanda za Simanjiro, nje ya hifadhi, kuzaa na kula nyasi zenye madini. Nyanda hizo ni za vijiji na zimebaki wazi kwa sababu ni malisho ya ng'ombe. Zikilimwa maharage, kama ilivyotokea sehemu za Lolkisale, si ng'ombe wala nyumbu anayebaki. Kijiji cha Terrat kiliingia mkataba katika miaka ya 2000 na kampuni za utalii: sehemu ya nyanda isilimwe, mifugo iendelee kulisha, na kijiji kilipwe kila mwaka. Wakati nyumbu wanapozaa, Wamasai huondoa ng'ombe wao wenyewe, kwa maana ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa unaoua ng'ombe. Ni ujirani wenye tahadhari, na umefanya kazi kwa muda mrefu kuliko sheria nyingi za uhifadhi. Kadhalika, mwaka 2001 ranchi ya zamani ya serikali ya Manyara, yenye ekari zipatazo 45,000, iliwekwa chini ya udhamini ili ibaki mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, huku ng'ombe wakiendelea kufugwa humo.

Huku kwetu mlimani hakuna nafasi ya kuhama, na hapo ng'ombe ana kazi nyingine. Jirani yangu, mama mjane, ana ng'ombe wawili wa maziwa zizini. Majani anakata kando ya mfereji na mengine hununua yaliyoletwa na mkokoteni kutoka chini. Samadi inakwenda kwenye migomba, migomba inalisha nyumba, na maganda yanarudi kwa ng'ombe. Nyuma ya jiko kuna mtambo wa gesi ya samadi wa aina iliyoenezwa na CAMARTEC ya hapa Arusha tangu miaka ya 1980. Gesi ya samadi, ambayo ingepotea hewani, inachemsha chai, na kuni za msituni zimepumzika. Sijawahi kusikia hotuba iliyomtaja mama huyu. Lakini akiulizwa juu ya udongo na hewa, anaweza kuonyesha mgomba.

Nimesema kwamba kasoro ya kazi hizi inarudi ikiwa na nguo mpya. Mwaka 2022 serikali yetu ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, na katika wilaya za Longido na Monduli vijiji vimekuwa vikiletewa mikataba: wafugaji wazungushe malisho kwa mpango, udongo uhifadhi kaboni, kaboni hiyo ihesabiwe na kuuzwa kwa kampuni za ng'ambo, na kijiji kipate mgao. Mikataba hiyo ni ya miongo kadhaa. Mtoto anayechunga ndama leo atakuwa mzee wa boma kabla haijaisha. Siipingi kwa jina lake. Fedha zinazofika kijijini zinaweza kujenga zahanati na kulipa walinzi wa alalili, na ikiwa dunia hatimaye inakubali kwamba ng'ombe anayetunzwa vizuri ana faida, hilo ni jambo ambalo wazee wa nyika wamelisubiri tangu siku za Grzimek.

Ninachoomba ni kwamba mikataba hiyo nayo isomwe kwa jicho lile lile tulilozisomea taarifa, sinema na hotuba. Je, mwaka wa ukame mkubwa, kama ule wa 2009 ambao uliwamaliza ng'ombe wa Longido na Monduli, mfugaji ataruhusiwa kuhama nje ya ratiba bila kuvunja mkataba? Wageni kutoka wilaya ya jirani wakija na ng'ombe waliokonda, kama desturi inavyowaruhusu, watapokelewa kama ndugu au watafukuzwa kwa sababu wanapunguza kaboni? Nani anashika daftari la vipimo vya udongo, na je, kijiji kinaweza kulisoma? Mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na wanawake, ambao ndio wenye maziwa na ndama, walikuwepo uliposainiwa? Mkutano mkuu wa kijiji ukiamua kusitisha, unaweza?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Yule mzee wa Meserani aliuliza la kwanza kabla nyama haijaiva. Yakipata majibu yaliyoandikwa wazi, kwa Kiswahili na kusomwa kwa Kimasai mbele ya mkutano, basi kwa mara ya kwanza tutakuwa na maandishi juu ya ng'ombe wa Arusha ambayo mwenye ng'ombe alishiriki kuyaandika. Yasipopata majibu, vijiji visisaini bado. Nyasi zinaweza kusubiri msimu mmoja.